Mashudu ya Kasoli

Jumatano, 10 Septemba 2025

Ndama mwingine wa kaka Mashimba amekufa. Jana jioni alikuwa ananyonya. Leo asubuhi kalala ubavu, ulimi nje. Na mchawi wameshampata! Klementina, mjane jirani yetu, bibi wa watu. Kosa lake: alipita zizini kuomba maziwa. Miaka yote napigana na upuuzi huu magazetini, kumbe unalelewa nyumbani kwetu Kasoli. Nimechoka.

Mimi nasema ni mashudu. Kaka anawapa ndama mashudu ya pamba kama ng'ombe wakubwa. Mbegu ya pamba ina sumu yake, gosipoli. Ng'ombe mzima anaistahimili. Ndama inamharibu moyo, anaanguka ghafla. Nimemwambia. Jibu lake: "Mdogo wangu, vitabu vyako havijawahi kuchunga."

Alhamisi, 11 Septemba

Nimempigia Felisita, mtafiti, binti wa Kiloleli. Ana kifaa cha kuingia mfukoni. Unaloweka mashudu kwenye spiriti, unadondosha tone kwenye kijiti, kinapitisha umeme kidogo — gosipoli ikiwemo, namba inapanda kwenye simu. Anakuja kesho.

Kwenye mkutano wa sungusungu, walinzi wa kijiji, nilifoka. Msimguse bibi! Subirini mashine. Mashine haidanganyi! Wakapiga makofi. Kichwa kikavimba. Mjinga mimi.

Ijumaa, 12 Septemba

Namba ya chini. Karibu na sifuri.

Felisita akaeleza: gunia hili jipya, lile la mwanzo limeshaliwa lote. Usafi wa hili hausemi lolote kuhusu lile. Nani amsikilize? Mashimba akacheka bila furaha. "Mashine yako imesema, mwandishi. Si mashudu. Basi ni mtu."

Klementina tumemleta alale kwetu. Mke wangu Flora kampikia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Hakugusa.

Jumamosi, 13 Septemba

Sungusungu wako uani. Wamekuja na adabu zote — salamu ya mwangaluka, kofia mkononi. Mganga hawamtaki, wala kuku wa kupasuliwa na kusomwa. Wanataka mashine impime bibi mkono! Namba ikikaa chini, arudi kwake kwa amani. Ikipanda... hawakumalizia.

Nimewatukana. Kamanda wao, Luhaga, akaningoja nimalize. "Ulisema haidanganyi. Au haidanganyi siku unayotaka wewe tu?"

Nikamgeuzia kisogo. Mimi!

Felisita kanivuta ndani. Jasho la mtu nalo lina vitu vya kupandisha namba, anasema. Inaweza kupanda sana. Lakini anaweza kudondosha maji matupu, wasijue. Bibi atapona. Na keshokutwa wataleta bibi mwingine, kutoka kijiji kingine, na mganga wa kijiji nitakuwa mimi.

Namsikia Klementina huko nje, sauti imara kuliko yangu: "Leteni hiyo mashine, wanangu. Mimi sina kitu." Ameshanawa mikono.

Flora anasema niache kuandika, nitoke. Felisita yuko mlangoni na kijiti chake. Anangoja nimwambie: maji, au mkono.