Namba Zilizocheza Chumbani kwa Mama

Ole, Pemba
Jumapili, baada ya alasiri

Kaka yangu Mundhir,

Assalaam alaykum warahmatullah. Hujambo wewe, na wifi Maha, na watoto? Homa ya yule mdogo imekwisha? Sisi huku tu wazima, na safari hii neno hilo naliandika kwa moyo mkunjufu, maana wiki iliyopita lisingenitoka.

Kwanza shukrani. Saa uliyomtengenezea Mama baada ya operesheni ya mtoto wa jicho, ile ya vichupa vya zamani vyenye namba zinazowaka rangi ya chungwa ndani, sasa imetulia kabisa. Mwenyezi Mungu akulipe kwa kila simu uliyonipigia ukiwa kazini, ukinielekeza kwa subira: futa miguu ya vichupa kwa spiriti, kandamiza pale nyaya zilipounganishwa kwa risasi ya kuchomelea, badilisha kichupa cha kwanza kwa cha nne uone kama ugonjwa unahama. Haukuhama. Vyote vinne vilicheza pamoja, ukasema basi kosa si la vichupa, ni la umeme unaoingia, ukaniuliza kama kuna kitu nimebadilisha. Nikakujibu hakuna. Hata hivyo ukanitumia kwa meli vichupa viwili vya mwisho ulivyokuwa navyo. Nimevifunga kwenye pamba, vitarudi kwako salama.

Sasa Mama. Unamjua, hasemi la maradhi mpaka limzidi. Daktari alimwambia akiona taa zinachezacheza arudi haraka, basi kila akimaliza kusali huitazama saa yako kupima macho yake. Wiki tatu zilizopita aliniita, akaniuliza kama zile namba zinacheza. Nikamwambia hazichezi. Hakuuliza tena. Alhamisi nikamkuta ameufunga kwa kanga msahafu wake wa maandishi makubwa, akaniambia nimpelekee Bi Saada jirani, kwa kuwa macho yake yeye ndiyo basi tena. Loo, kaka!

Ukweli ni huu, na kwenye simu nisingeuweza. Adapta ya king'amuzi iliungua siku umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo, na tamthilia ilikuwa imefika pale binti anapotaka kuolewa na yule mwongo. Nikachomoa adapta ya saa nikaitia kwenye king'amuzi, na saa nikaipa ya taa yetu ya kuchaji, kwa kuwa pini yake iliingia. Iliwaka, nikadhani yamekwisha; kumbe umeme wake haukuitosha. Ilipoanza kucheza niliona haya kukwambia, na Mama nikamdanganya asije akakwambia yeye. Wallahi, kwa ajili ya tamthilia nimemwacha mama yangu wiki tatu akiamini anapofuka.

Nilirudisha adapta ya saa palepale, nikamketisha mbele ya saa, nikamwambia yote. Alizitazama namba zilivyotulia, kisha akalia, nami nikalia. Akasema nikuandikie mwenyewe, na barua aione kabla sijaifunga.

Niwie radhi, kaka. Nakushukuru kuliko ninavyoweza kuandika. Msalimie sana wifi, na watoto nibusie.

Mdogo wako,
Ghaliya

Mwanangu Mundhir, barua nimeisoma mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, bila ya kusomewa. Msahafu nimeshaufungua. Mdogo wako nimemsamehe, nawe msamehe. Mtumie adapta ya king'amuzi, maana tamthilia yao naisikia kutoka chumbani, na huyo binti hajaolewa bado. Safari hii nataka kumwona. — Mama yako, Fakhriya