Barua Isiyopitia Mashine

Kwako mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwa mama yako, ambaye ni mzima wa mwili kasoro magoti na hili jicho la kushoto. Natumaini na wewe ni mzima, unakula, na hulali na nywele mbichi kama ulivyozoea. Binti yako hajambo. Angekusalimu, ila hajui kama nakuandikia. Kuku ni wazima. Jirani yetu mwenye baiskeli ya kelele ni mzima pia, kwa bahati mbaya.

Utashangaa mwandiko. Huu ni mkono wangu mwenyewe. Niliishia darasa la nne, lakini herufi sikuziacha shuleni, nilitoka nazo. Zikipanda mlima na kushuka usicheke, zisome hivyo hivyo. Naandika mchana, juu ya meza ya cherehani. Binti yako ametoka kupeleka kazi za watu, na mlango nimeukomea kwa ndani. Sababu utaiona.

Unakumbuka tulivyokatiana simu mwaka juzi. Ulisema niuze cherehani nitulie, macho yamechoka. Mimi nikakujibu kwamba sijafa bado, usianze kunigawia nguo, na nikaapa simu yako siishiki tena. Ndipo binti yako, huyu Kiherehere wetu, akaja na shauri lake, kwamba mimi niseme, yeye aandike kwenye kompyuta, na barua ikufikie kwenye simu siku hiyo hiyo. Nikakubali. Kila Jumapili nakaa kitini nasema, naye vidole vinakimbia kama mvua ya juu ya bati. Nikimaliza anabonyeza mahali, ananiambia tayari Bibi, imetoka safi. Na mimi namwambia ahsante, mjinga mimi.

Kitu cha kwanza kilichonitia shaka ni jino lako. Nilikuuliza kama umeling'oa. Ukajibu kwamba huko mvua imezidi. Nikarudia kuuliza, kwa ukali safari hii, nikakwambia mtu mzima anayekimbia daktari wa meno ni aibu ya ukoo. Ukajibu kwamba unashukuru kwa habari za kuku. Nikakuuliza kuhusu yule shoga yako anayeazima koti lako na kulirudisha bila vifungo, nikamtukana kidogo, nawe ukasema umefurahi kusikia paa limezibwa. Mtu anaulizwa jino anajibu mvua. Nikaanza kuwaza vibaya. Kwanza niliwaza umekuwa jeuri. Halafu nikawaza huyu mtoto ana mchumba, na barua zangu ndizo anazomwandikia. Halafu nikawaza jambo la kutisha zaidi, na naomba unisamehe: kwamba pengine umekufa, na mtoto anajiandikia majibu mwenyewe ili kunituliza. Wiki nzima nilikaa na wazo hilo, nikimtazama anavyokula. Alikuwa anakula vizuri mno, si kama mtu aliyefiwa, na hilo ndilo lililonipa nafuu.

Basi nikaanza kumvizia. Akiandika nasimama nyuma yake, najifanya natafuta mkasi. Akiniona anageuza kompyuta kidogo, kama mtu anayekinga chakula chake. Siku moja akaenda kuteka maji, nikakaa kwenye kiti chake. Herufi zake ni kubwa, nashukuru, kwa kuwa naye macho yake si hodari. Mwanangu, niliiona barua yangu ikiwa na nyota. Nyota mbele ya mstari, mahali pengine moja, mahali pengine mbili. Na pembeni, kwenye mistari mingine lakini si yote, kulikuwa na neno "ndani", limebanwa na nukta pacha huku na huku kama mtu kati ya askari. Nikajiuliza, barua ya mama kwa mwanawe inataka nyota za nini. Aliporudi na ndoo nilikuwa nimeshashika mkasi.

Nilimuuliza kwa njia ya mbali, nikasema hizi barua zangu unazihifadhi wapi. Akasema ziko salama, kila moja iko mara mbili, ile ya kuandikia na ile ya kupeleka, na kila aina ina folda yake. Akasema kwa majivuno kuwa ameifundisha programu yake kuzitenganisha yenyewe. Nikamjibu vizuri sana mjukuu wangu. Moyoni nikasema, mtu mkweli barua moja humtosha, za nini mbili.

Ningeendelea kuvizia hivyo polepole, lakini ukaleta ujumbe wako wa mwisho. Alinisomea, akafika mahali akameza mate, akaruka hadi kwenye salamu. Mimi huyo si mtu wa kurukiwa. Nikamwambia arudi alipomezea mate. Akarudi, anasoma kwa sauti ya chini: kwamba kazini wanakupa nyumba, kwamba mwisho wa mwezi utatia saini ya kukaa huko moja kwa moja, umchukue na binti yako, na chumba chako hapa nikipangishe, kwa kuwa, ndivyo ulivyoandika, unaona Mama hana tena la kukuambia.

Mimi, sina la kukuambia. Mimi niliyekauka koo kila Jumapili.

Nilijua sasa kwamba ama wewe ni kiziwi, ama nimeibiwa. Asubuhi yake, alipokuwa anaoga, nikachukua ile flashi yake anayofungia funguo, ambamo anaweka nakala za kazi zake, nikaenda kwa yule mwenye duka la kuchapa, anayevaa tai hata akiwa peke yake. Nikamwambia anichapie barua zangu. Akazitafuta, akauliza nataka zipi, maana kila moja ina pacha wake. Nikamwambia mama yao ni mimi, achape watoto wote, na kwa herufi kubwa. Akataka kujua ni za nani na zinaenda wapi. Nikamuuliza kama tai imembana. Akachapa.

Nyumbani nilizitandika juu ya kitanda mbili mbili, ile yenye nyota kushoto, ile safi kulia. Sikuanza kwa kusoma, nilianza kwa tepu ya kupimia nguo, kwa sababu kitu kilichopunguzwa kinajulikana kwa urefu. Ukiacha zile za mwanzo kabisa, kila yenye nyota ilikuwa ndefu kuliko pacha wake, nyingine kwa shibiri nzima. Hapo nikavaa miwani juu ya miwani, nikasoma kwa kidole. Habari za kuku, zipo kote. Paa, lipo. Jirani na baiskeli yake, wapo, ila kulia bila matusi yangu. Jino, liko kushoto tu. Shoga yako na koti, kushoto tu. Popote nilipokugombeza, popote nilipokuwa mama yako, pako kushoto, na pembeni yake kuna lile neno "ndani". Wewe umekuwa ukipelekewa upande wa kulia. Umekuwa ukipata barua za mwanamke mmoja mpole anayefuga kuku. Hata mimi simjui.

Nilimngoja jikoni. Alipoziona karatasi mkononi mwangu alikaa chini bila kuambiwa. Nilimsema, mwanangu, sitakuandikia yote. Nilimwambia nimevaa nguo nyingi za kupunguzwa maishani, lakini mdomo wangu haujawahi kupindwa na mtu. Akalia, na mimi nikamwambia alie huku anaeleza, vyote vinawezekana.

Akaeleza. Anasema hakufuta hata neno moja. Anachoandika kwanza ni maandishi matupu, yasiyo na pambo, na nyota ni alama ya kichwa cha habari tu, si uchawi. Kisha programu inayasoma na kutengeneza nakala iliyonyooka ya kupelekwa. Hapo nilimwelewa haraka, maana ni nguo. Ndani kuna chaki na nyuzi za bandi na pindo mbichi, nje ndiko wanakokuona watu. Nikamwambia hilo sina ugomvi nalo. Fika kwenye "ndani". Akafika. Anasema kichwa kikiwekewa neno hilo, programu yake inakiruka, haikiingizi kwenye nakala ya kupelekwa. Nikamuuliza nani aliyemwambia kipi kiwekewe. Akasema ni yeye. Anasema siku zile za mwanzo alikupigia baada ya barua, akakukuta unalia, ukamwambia Mama ananitafuna hata kwa maandishi. Basi akaona atuokoe wote wawili. Wewe usilie, mimi niseme mpaka nishibe, na amani ikae.

Nilimuuliza kama amani imekaa. Akasema siku hizi hulii, ila unauliza kama Bibi amekuwa mgonjwa, mbona anaandika kama mtu wa ofisini.

Nilidhani mambo yameisha hapo, kwamba mwizi nimemshika na alichoiba nakijua. Lakini nilirudi chumbani nikaendelea na kidole, kwa kuwa sikumwamini bado, na ndipo nilipoona kitu ambacho hata yeye hakukiona. Programu hairuki kichwa peke yake. Inaruka na kila kilicho chini yake, hadi kichwa kingine kianze. Mtoto aliweka alama yake pale ninapoanza kufoka, akaondoka, hakutazama nilikomalizia. Sasa wewe unanijua. Mimi sijawahi kuanza na neno zuri. Neno zuri kwangu linakuja mwisho, limechoka, nyuma ya matusi yote, wakati mtu ameshaacha kusikiliza. Ndivyo nilivyo. Na huko mwisho ndiko maneno mazuri yalikokuwa, mwanangu, yote, yamerukwa pamoja na kelele.

Ninayanakili hapa kama yalivyo, na sina haya, maana nilishayasema, ni wewe tu hukuyapata.

Baada ya jino niliandika kwamba kama unaogopa useme, nije nikushike mkono kwa huyo daktari, kama ulipokuwa mdogo. Baada ya koti niliandika kwamba nimekushonea jingine, zito, lina mifuko ya ndani, liko kwenye sanduku. Mwezi ule kuku walipokosa chakula, baada ya kukusema kwa kutokula asubuhi, niliandika kwamba nikipika bado napima kikombe chako, halafu nakirudisha.

Na kuna hili. Nililisema mara mbili, mara zote chini ya kelele nyingi kuhusu wewe kujifanya daktari wa macho yangu. Nilisema ulichosema ni kweli. Tundu la sindano silioni tena. Binti yako ananitungia uzi asubuhi, sindano nyingi kwa mpigo, nazichomeka kwenye mto ili wateja wasijue, na uzi ukiisha kabla hajarudi nakaa tu nakanyaga cherehani tupu, mlio usikike nje. Kola nampelekea fundi wa mtaa wa pili, namwambia zimenizidia. Anazipokea bila kuuliza. Naona anajua, na simpendi kwa kujua.

Hayo yote ulipaswa kuwa nayo. Badala yake umekaa huko unadhani nimekufungia mlango kwa upole. Kwa hiyo barua hii haina nyota. Haimpitii mtu. Nimemwomba tu binti yako aniandikie anwani yako kwenye bahasha, nikasema nakutumia kipande cha kitambaa tu, uone rangi, na nilimsimamia kichwani alipokuwa anaandika. Posta nitaenda mwenyewe na miguu yangu hii. Akirudi leo nitamwambia nimeandika nini, na hapo nitaona uso wake unasema nini. Simfukuzi, usihofu. Alitaka kutupatanisha, na mtu akifanya kosa la namna hiyo unamgombeza, unampa chakula. Ila barua zangu haandiki tena.

Sasa sikiliza. Chumba sikipangishi. Kina kitanda chako na vumbi lake, na mtu akiniletea mpangaji nitamtoa na ufagio. Wewe ni mjinga kutia saini bila kuja kunitazama usoni, na ni mkaidi, ulizaliwa miguu ikitangulia, na ukaidi huo sijui umeutoa kwa nani, maana baba yako alikuwa mtu wa kusikia. Kalamu iweke chini kwanza. Njoo uyaone macho haya, unigombeze upendavyo, nitakaa kimya kadiri ninavyoweza, ambavyo si sana.

Na kama barua imechelewa na umeshatia saini, basi niandikie mtaa na namba ya mlango wa nyumba hiyo mpya, kwa mkono wako, herufi kubwa. Nitakuja mimi. Binti yako atanishika mkono kwenye ngazi, na koti nitalibeba mwenyewe. Nitakugombeza nikiwa mlangoni kwako, majirani zako wasikie, na ukinifungulia utaona kwamba nililokuja kusema liko mwishoni. Safari hii usiache kusikiliza.

Wasalimie wote unaofanya nao kazi, hata huyo wa vifungo. Kula asubuhi. Nywele zikauke kwanza ndipo ulale.

Ni mimi mama yako,
ambaye hajabadilika hata kidogo.