Memori kwenye Pindo la Kanga

Kalangalala, Jumanne, Agosti 1998

Nilimwagiza wifi yangu, Mama Kulwa, memori ya laptop, nikamwambia asiitoe kwenye boksi lake, na aiweke chini kabisa ya begi. Leo kafika kutoka Mwanza, kafungua pindo la kanga, na memori ikatoka imelowa jasho.

Nilikasirika. Laptop yangu kuukuu inaganda kila nikichapa kurasa mbili, na shule inataka mitihani yake Ijumaa. Jasho na umeme wapi na wapi?

“Kitu chenye dhahabu hakikai kwenye begi, wifi,” akasema. Kumbe aliiona ile mistari ya dhahabu ukingoni. Mke wa mchimbaji huyo.

Nikaifuta, nikaipachika, nikawasha huku namwomba Mungu. Namba za kuhesabu memori zikapanda kwenye kioo, zikapita pale zilipozoea kukomea. Nimechapa kurasa sita, haijaganda.

Ndipo akaniomba kanga ya kulalia. Nikamuuliza, begi lako je?

“Waliliiba kivukoni.”

Hakuona haja ya kulitaja mapema.

Nimempa doti mpya ambayo hata mimi sijaivaa. Akiirudisha, tutagombana.