Folda Moja, Pande Mbili

Mjini Ho, Jumapili

Kaka Senyo,

Nakusalimu kwa sababu Mama alitufunza adabu, si kwa sababu unastahili. Presha imeshuka? Mama anakula ugali wake wa akple vizuri na kukulalamikia kama kawaida. Mimi mzima, ila moyo unawaka. Barua naiacha juu ya kibodi kwa kuwa hatusemezani.

Kompyuta aliyotuachia marehemu Baba ina mifumo miwili ya uendeshaji. Ukiiwasha unachagua upande wako au wangu. Programu ya kuandikia tuliiweka pande zote. Mipangilio yake, pamoja na vifupisho vya Baba, tuliiweka katika folda moja, na kila upande una njia tu ya kuifikia. Vile vifupisho alivikusanya miaka kumi na moja: unaandika herufi tatu, sentensi nzima ya Kiewe inatokea. Kazi yetu ya kutafsiri vitabu vya zahanati ilisimama juu ya folda hiyo.

Halafu ukaanza ubwana. Kila zamu yangu ikifika nakuta maandishi yamekuwa makubwa kama ya bango, rangi zimegeuzwa, vitufe vyangu vimehamishwa. Nilipolalamika, ulisema mbele ya wateja kwamba mwanamke anayegombania rangi akauze vitambaa sokoni. Wakacheka, na wewe ukacheka kuliko wote. Ni wifi yangu Yayra peke yake aliyekuambia umemkosea dada yako. Ukamwambia afunge mdomo.

Siku folda ilipokutwa tupu, hukuuliza mara mbili. Kwa kuwa jana yake Yayra alikuwa amechapa nyimbo za kwaya kwenye mashine ile, ukadai mikono yake ya kukaanga samaki imeharibu urithi wa Baba. Akaapa hakugusa. Ukamwita mwongo, ukamtimua arudi kwao Kpando na begi moja. Leo ni wiki ya saba. Shenzi kabisa, Senyo.

Sasa soma taratibu. Ni mimi niliyefuta.

Asubuhi ile niliingia upande wako nikafuta mipangilio yako yote ili nikukomoe. Hasira ilinifanya nisahau kitu tulichokipanga kwa mikono yetu wenyewe, kwamba yako na yangu ni ile ile. Nilipohamia upande wangu, hapakuwa na kifupisho hata kimoja. Nakala ya akiba haikuwepo. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake anayo. Nililia, kisha nikanawa uso.

Yayra alikuwa mlangoni na ufagio. Aliniona nimefungua upande wako. Ulipokuwa ukimfokea alinitazama, akangoja niseme, nami nikainamisha kichwa. Hakunitaja.

Wewe sikuombi msamaha, maana na wewe una lako la kujibu. Chini ya meza nimeweka chupa mbili za pombe ya jini, za kuombea radhi kwa wakwe zako. Jumamosi tunakwenda Kpando, mimi na wewe, na utaisoma barua hii kwa sauti mbele ya baba yake Yayra. Usipokuja nitaisoma mwenyewe, na pale pa mikono ya samaki nitapasoma mara mbili.

Mama anakusalimu. Hajui lolote, anauliza kila siku Yayra atarudi lini.

Ni mimi dada yako,
Kafui