Mama na Takwimu za Nyuma ya Ukuta

Maabara ya Wodi,
Mlango wa nyuma, karibu na stoo ya mashuka.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu, Bingwa wa Hesabu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Shemeji naye amepona kile kikohozi, au bado anakohoa kwa makusudi ili asifagie? Watoto wazima? Mimi sijambo, ukiacha kitambi, ambacho kinaendelea vizuri kuliko kazi yangu yoyote.

Najua macho yako yameshaanza kumtafuta Mama humu. Tulia. Homa imeshuka, anakula, na juzi alimwambia daktari kwamba koti lake halijapigwa pasi. Ila usidhani ilikuwa rahisi. Nina hasira, na kwa kuwa mke wangu amechoka kuzisikia, nakumwagia wewe.

Nilikupigia simu kwamba maambukizi ya mkojo yamemrudia. Alipolazwa, akaanzishiwa sindano ileile wanayoanzishiwa wagonjwa wote wa namna yake hapa. Mkojo wake ukaja kwangu nioteshe vimelea nione dawa ipi inaviua. Kuotesha si kuchemsha maji, kunataka siku, na siku hizo Mama alikuwa anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Shaka nilikuwa nayo, maana sindano ile naiona ikishindwa mara kwa mara kwenye sahani zangu za kuoteshea. Lakini daktari akaniambia sampuli zangu ni chache, na wasiwasi wa mtoto kwa mama yake hauandikwi kwenye faili. Nikarudi kwenye sahani zangu.

Sasa sikia kinachonipandisha mori. Nyuma ya ukuta wangu kuna chumba cha utafiti. Humo wamepima usugu wa vimelea vya wagonjwa wa hospitali hii hii, mamia kwa mamia. Mkubwa wa humo tunamwita Komeo. Mcheshi, chai atakupa, lakini kwenye takwimu ni mkono wa birika. Amezikalia kama kuku anayeatamia. Nilimwendea, akasema nisubiri makala yake ichapishwe. Nikamrudia, akataka barua rasmi. Nikaandika. Akasema haina muhuri.

Na vimelea vyenyewe, mdogo wangu, havina uchoyo huo! Kimoja kikishajua namna ya kuishinda dawa, hukigawia mbinu kimelea cha jirani, hata kisicho cha ukoo wake, kama watu wanaogawana chumvi. Sisi wenye shahada tunafunga milango, halafu tunashangaa vinatushindaje.

Aliyemfungua Komeo si mimi. Alipita wodini kumjulia hali Mama, maana adabu anayo. Mama akamshika mkono.

"Mwanangu, eti wewe ndiye unayeficha dawa?"

"Hapana, Mama. Mimi nimeweka takwimu tu."

"Na hizo takwimu zinajua dawa ipi inafanya kazi?"

"Zinajua, Mama."

"Haya. Mimi hapa natetemeka. Nieleze tofauti."

Komeo akaaga haraka, akarudi chumbani kwake.

Jioni ile akanitumia faili. Nikalifungua kwa shangwe, nikakuta dawa hazina majina: safu A, safu B, safu C! Niligonga ukuta mpaka kalenda ikaanguka. Akaja na kiti chake, akaketi, akanisomea safu mojamoja na jina la dawa yake, kwa sauti ya chini kama anayetubu. Sindano ya Mama ilikuwa safu B, na ilikuwa imeshindwa kwa zaidi ya nusu ya wagonjwa. Nikakimbia wodini (kukimbia kwangu unakujua). Daktari akasoma, akabadilisha dawa papo hapo. Baadaye sahani yangu nayo ikatoa jibu lilelile.

Ungedhani yameisha. Wapi! Kamati ya dawa imekataa kubadilisha sindano ya kuanzia kwa wagonjwa wengine. Wanasema zile ni tarakimu tupu: pengine wengi walishatumia dawa nyingi kabla, pengine mgonjwa mmoja kahesabiwa mara kadhaa. Kinachoniudhi ni kwamba hawajakosea. Nilijaribu kuzichambua mwenyewe, nikapata wagonjwa wengi kuliko waliowahi kulazwa hapa. Cheka, kisha nisaidie.

Binamu anayekuletea barua hii ana flashi mfukoni. Majina ya wagonjwa yameondolewa. Komeo amekataza faili lisitumwe kwa njia nyingine, na neno la siri la kulifungua atakupa mwenyewe kwa simu, kwa sababu hataki nilijue mimi! Tafadhali, hesabu kila mgonjwa mara moja, tenganisha wapya na waliorudi, kisha utuandikie kurasa mbili ambazo hata mjumbe wa kamati aliyeshiba atazisoma. Komeo anataka jina lake liwe la kwanza. Liweke, hata kwa herufi za ukubwa wa mlango.

Haraka yangu ni hii. Mama ameruhusiwa tangu Ijumaa, na amegoma kutoka. Kwenye kitanda cha jirani yake ameletwa fundi cherehani, anatetemeka vilevile, na amechomwa sindano ileile ya safu B. Mama amefunga mkoba, amevaa viatu, kitanda chake wamempa mwingine, naye kahamia benchi la wageni. "Nitaondoka mwenzangu akianza kula," anasema. Muuguzi mkuu ameniomba nimwondoe. Wewe uliwahi kumwondoa Mama mahali? Sampuli ya fundi nimeipandikiza leo kwa mkono wangu, lakini kesho ataletwa mwingine, na kesho kutwa mwingine, na Mama yule hachoki.

Nisalimie shemeji, watoto na Shangazi. Wifi yako anakusalimu, na Komeo pia, kwa siri. Mungu akupe afya na usingizi, akuepushe na ugonjwa usiosikia dawa.

Ukimaliza, mpigie Mama kwanza, mimi baadaye. Yuko benchini, viatu miguuni.

Ni mimi nikupendaye, hata unaponicheka,
Kaka yako