Makopo Mawili ya Maharagwe

Nyumba ya Walimu Na. 3,
S.L.P. 118.
14 Juni

Mpendwa mwanangu,

Shikamoo yako imenifikia kupitia kwa baba yako, kama kila mwaka, na leo mimi shangazi yako naiitikia kwa mkono wangu mwenyewe: marahaba. U hali gani? Mkeo na mtoto hawajambo? Lile jino limeng'olewa, au bado unaogopa koleo? Sisi huku wazima. Magoti yananisumbua kila nikipanda ngazi, ila mdomo haujaugua hata siku moja, unanijua.

Baba yako ameanza kupaka sebule yao rangi ya kijani, ikamwishia katikati ya ukuta. Anasema atamalizia wiki ijayo. Hii ni wiki ya nne.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Tangu uhamie huko hujaniandikia hata mstari mmoja, na sababu naijua: ni yale makopo. Nakuomba usome mpaka mwisho.

Mwaka huu walimu wa sayansi tumefundishwa namna mpya. Wanafunzi wachague swali wenyewe, wapange jaribio, wapime. Mwalimu asitoe jibu. Mimi huyu, kukaa nyuma ya darasa nimefunga mdomo! Siku ya kwanza kichwa kiliniuma.

Darasa la sita wakachagua swali lao: maharagwe yatarefuka zaidi dirishani au gizani kabatini? Nilicheka moyoni. Jibu nilikuwa nalo tangu chuoni, kwamba bila mwanga mmea hudumaa. Nikanyamaza kama nilivyoagizwa. Wakapanda makopo mawili, udongo uleule, maji vijiko viwili kila asubuhi. Kopo moja likaingia kwenye kabati la vifaa, ambalo ufunguo wake nauvaa shingoni. Kiongozi wao ni msichana wanayemwita Rula, kwa kuwa haamini kitu mpaka akipime.

Siku ya kumi na mbili Rula akasoma vipimo. Dirishani sentimita kumi na nne. Kabatini thelathini na moja. Mche wa kabatini ulikuwa mwembamba, wa manjano, umelala upande, lakini mrefu ndio huo.

Unajua nilisema nini? Maneno yaleyale.

"Mmebadilisha makopo."

Rula hata hakupandisha sauti. "Mwalimu, ufunguo si unao wewe?"

Niliushika ufunguo kifuani. Wao wakaendelea kubishana, mpaka mmoja akasema labda mche unajivuta kuutafuta mwanga, wakakubaliana kutoboa tundu kwenye boksi la viatu wauone utaelekea wapi. Mimi sikuwa nawasikia vizuri. Nilikuwa nakuona wewe, una miaka kumi na miwili, umesimama mbele ya darasa hilohilo na daftari lako, unasema kopo la kabatini limeshinda. Nikakuita mwongo. Nikachana ukurasa wako, nikakulazimisha uombe radhi kwa kosa ambalo hukulifanya. Wenzako wakakubandika jina la Makopo, nami, shangazi yako wa damu, nikacheka pamoja nao. Hukunyoosha tena mkono katika somo langu.

Nimeona haya, mwanangu, na usingizi umenipaa.

Kesho yake nikapiga moyo konde, nikawaeleza wanafunzi habari yote bila kuficha kitu. Nilidhani watanicheka. Rula akauliza tu, "Huyo kaka alipata sentimita ngapi?" Nikamwambia sijui, ukurasa niliuchana mimi. Akaenda kwenye jedwali lao ukutani, akaongeza safu mpya juu ya vipimo vyao, kwa sababu wewe ulitangulia. Mahali pa namba yako amepaacha wazi.

Baba yako na mama yako wanakusalimu, na fundi viatu jirani anauliza kama bado unakanyagia viatu ubavu. Mbusu mtoto kwa niaba yangu. Mungu akulindie nyumba yako na mikono yako ya kazi.

Hukubadilisha makopo. Nisamehe. Kama namba unaikumbuka, iandike, watoto wanakusubiri. Kama huikumbuki, kuna kabati, na ufunguo nitakukabidhi wewe.

Ni mimi shangazi yako, niliyekosea, ninayekupenda.