Punda Aliyeacha Kula, na Habari Tuliyokuficha

Nyumba ya Mzee wa Punda,
Nyuma ya mashine ya kusaga,
Jumanne, tarehe 14.

Mpendwa mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Hujambo huko kwenye baridi? Kifua kimepona? Unakula, au bado unakunywa chai tu ukisema huna muda? Na wanyama wako wa huko kwenye bustani ya wanyama, tembo, pengwini, na yule pweza anayewarushia maji watu asiowapenda, hawajambo wote? Mimi sijambo, ila goti la kushoto. Lisikutishe, lilianza kabla baba yako hajaota meno.

Anayeshika kalamu ni jirani yetu fundi cherehani. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinirembe. Baba yako anadhani nimeleta shuka kushonwa. Shuka nimeileta kweli, ili nisiwe mwongo sana.

Barua yako ya mwisho tulisomewa mara tatu. Babu yako alipenda habari za yule nyangumi aliyembeba mtoto wake aliyekufa, siku kumi na saba akiogelea naye. Wale kunguru wanaokumbuka sura ya mtu aliyewaudhi, akasema hao anawajua, wamefanana na dada yangu. Nimemsamehe. Ila pengwini dume anayempelekea jike vijiwe vya kujengea kiota, hapo alijifanya amesinzia, maana mimi katika miaka hamsini sijaletewa hata changarawe.

Sasa nisikilize. Kaa chini kwanza.

Bibi Harusi amekufa, yule punda jike wetu. Ni siku kumi leo. Tumbo lilimsokota asubuhi, na kufika saa sita alikuwa amekwisha. Karani, mwenzake, hakuwepo, alikuwa amepelekwa kubeba magunia ya pumba. Baba yako akaona afanye huruma. Akaita gari, Bibi Harusi akatolewa kabla Karani hajarudi, zizi likamwagiwa maji na kufagiwa. Fagio nilishika mimi. Tulisema asione, asije akaumia.

Unamkumbuka Karani. Tulimpa jina hilo kwa sababu anamtazama kila mtu kama amekosea kujaza fomu. Miaka kumi na mmoja amevuta mkokoteni mmoja na Bibi Harusi. Basi alirudi, akaingia zizini, akanusa kila kona, akatoka, akasimama langoni. Gari likipita anainua masikio. Siku ya kwanza alilia mpaka mwenye mashine ya kusaga akaja kuuliza kama tunamchuna angali hai. Siku ya tatu akanyamaza, na hapo ndipo nilipoogopa. Hali chochote. Nimemchanganyia pumba na chumvi, nimempa maganda ya ndizi, nimembembeleza, nimemtukana. Anageuza shingo.

Siku ya tano tukamwita daktari wa mifugo, mwanamke mfupi asiyecheka. Akasema punda akikaa siku chache bila kula, mafuta ya mwili wake humwingia kwenye damu, na hilo peke yake linatosha kumuua. Akamdunga sindano, akamtia uji kwa mpira wa puani. Kisha akauliza yule mwingine alikufaje na alipelekwa wapi. Nikamweleza, tena nikijisifu kidogo tulivyofagia. Akanikazia macho.

"Mama, mngemwacha amwone. Punda humnusa mwenzake aliyekufa, humsukuma kwa pua, husimama naye mpaka mwenyewe aelewe kwamba basi. Huyu wenu hajui kama kuna aliyekufa. Anajua hayupo tu. Anamngoja."

Mke mwenzangu, maneno hayo yalinichoma, maana si Karani peke yake tuliyemfanyia hivyo.

Mume wetu anaumwa. Ni moyo. Huu mwezi wa pili, na miguu imemvimba mpaka viatu vimekataa. Hospitali walisema tukae naye nyumbani, tumpe vidonge, tusimchoshe. Nilimuuliza daktari ni muda gani. Akasema huenda wiki, huenda miezi, hawezi kusema. Zile barua za "babu hajambo, anakusalimu" baba yako aliziandika hivyo kwa sababu ya mtihani wako wa cheti cha kutunza wanyama. Alisema usivurugwe kichwa. Nami nikakubali, nikitikisa kichwa kama mjusi ukutani.

Na huyo babu naye tulimficha habari za Bibi Harusi, tukihofia moyo wake. Mtu amelala chumba cha uani, anasikia kila kitu. Akauliza, "Mbona nasikia kwato za mmoja?" Nikasema mwingine kalala. Kesho yake nikasema ameazimwa. Siku ya nne akaniambia, "Mwanamke wewe, nani anaazima punda bila mkokoteni?" Nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Daktari wa mifugo alipoondoka niliingia chumbani nikamwambia yote. Hakulia. Alisema tumtoe nje. Baba yako akakataa, kwamba hospitali walisema asichoshwe. Babu yako akamwambia, "Nichoshe. Hizo nguvu namwekea nani?"

Tukambeba na kiti chake mpaka langoni. Karani akamlazia kichwa mapajani, akashusha pumzi ambayo sijawahi kuisikia kwa mnyama. Babu yako akamsemesha chinichini. Sikusogea, yalikuwa yao wawili. Kisha akamnyooshea kiganja cha pumba, naye akatafuna. Tangu hapo tunambeba kila asubuhi. Jana Karani alikula viganja vinne. Leo kimoja, na katikati akaacha, akatazama barabara. Daktari wa mifugo anasema bado si wa kumtegemea. Na mimi nina wawili wa kuogopea. Nikiamka nasikiliza pumzi ya huyu, natoka nje nasikiliza ya yule, narudi tena ndani.

Ndiyo maana nakwambia. Baba yako akijua atanuna, na anune, nilimzaa mwenyewe. Ukimpigia simu atasema bibi amezeeka, anachanganya mambo. Usimsadiki. Wala usimchukie, ni woga wake tu, na woga ule ninao hata mimi. Sikukupigia kwa sababu nikisikia sauti yako nitalia, na hutaambulia neno. Barua hailii.

Huo mtihani sijui unafananaje, sijakaa darasani hata siku moja. Kama unasogezwa, usogezwe. Kama hausogezwi, pima mwenyewe. Ukiamua kuufanya kwanza sitakulaumu, wala babu yako hatakulaumu. Nilichotaka ni uchague ukiwa unajua. Sitaki siku moja ufungue mlango wetu ukiwa na zawadi yake mkononi, sisi tumesimama tunatazamana nani aseme.

Yeye mwenyewe hajaniambia nikuite. Ila jana aliniuliza likizo yako ni lini. Nikamjibu. Baada ya chai akaniuliza tena.

Nakuahidi kitu kimoja: kuanzia leo, likitokea lolote, zuri au baya, nitakuja hapa kwa fundi siku hiyohiyo, na utalipata kutoka kwangu.

Shangazi yako anakusalimu, na bado hasikii la mtu. Mwenye mashine ya kusaga anakusalimu. Fundi naye, na mwandiko wake ukiuona umepinda tangu nilipotaja moyo, usimcheke. Baba yako angekusalimu kama angejua. Nisalimie huyo mwenzako wa chumbani anayekoroma, na tembo wako mmoja mmoja.

Mungu akulinde unapolala na unapoamka, na mlango wowote utakaobisha, wa bosi au wa ndege, akufungulie.

Ukija usilete kitu. Njoo mikono mitupu, uwahi.

Ni mimi bibi yako na mke mwenzako, nikupendaye, nisiyekuficha tena.